Nyumba iuzwe, mume apelekwe India?

Shangazi,

Mume wangu ana miaka 47, ni fundi seremala hapa Tanga. Figo zake zilishindwa kazi mwaka jana kwa sababu ya shinikizo la damu, na sasa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Shemeji yangu mkubwa amempata wakala Dar es Salaam anayepeleka wagonjwa India. Wakala anasema atapandikizwa figo Chennai, gharama yote ni shilingi milioni 40, na mtu wa kutoa figo "atapatikana huko huko". Mdogo wake mume wangu alikuwa amejitolea kutoa yake, sasa ameambiwa hana haja ya kuhangaika. Mama mkwe na mawifi wanataka tuuze nyumba tunayoishi, ambayo mume wangu aliijenga tukiwa tumeshaoana. Tuna watoto watatu. Niliposema tuulize kwanza, wifi alinijibu mbele ya watu kwamba nataka kaka yake afe ili nirithi nyumba. Tangu siku hiyo sipati usingizi. Je, nakosea? Watu wanakwenda India na wanarudi wazima. Wakala anataka malipo ya kwanza mwisho wa mwezi huu.

Mke mwenye wasiwasi, Tanga

Mwanangu, pole sana. Pole kwa kuuguza, na pole kwa lile neno la wifi yako, ambalo najua linakuchoma kuliko hata hofu ya ugonjwa wenyewe.

Hukosei. Mke anayeuliza nyumba ya watoto inauzwa kwa ajili ya nini anaulizia pia uhai wa mumewe, kwa sababu fedha hiyo ikipotea njiani hamtakuwa na nyingine ya kumtibia.

Nianze na pale shemeji yako alipo na haki, maana anampenda ndugu yake na hajaota tu jambo hili. Hospitali kubwa za India ni hospitali za kweli, na madaktari wake ni mabingwa. Mwaka 1979 daktari wa moyo aitwaye Prathap Reddy, aliyekuwa amerejea Chennai kutoka Marekani, alimpoteza mgonjwa wa miaka 38 aliyehitaji upasuaji ng'ambo na kukosa fedha za kwenda. Reddy amekisimulia kifo hicho mara nyingi kuwa ndicho kilichomsukuma kuanzisha hospitali ya Apollo, iliyofunguliwa mjini humo mwaka 1983 ikiwa na vitanda 150. Zama hizo Mhindi mwenye uwezo akiugua moyo alipanda ndege kwenda Uingereza au Marekani, kama sisi leo tunavyopanda kwenda kwao. Baadaye akaja Devi Shetty, mpasuaji wa moyo aliyewahi kufanya kazi London, akafungua hospitali yake Bangalore mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kushusha bei kwa njia iliyo wazi: wagonjwa wengi kila siku, vyumba vya upasuaji visivyolala, vifaa vinavyonunuliwa kwa wingi. Dawa nazo ni rahisi huko, kwa sababu sheria ya hataza ya mwaka 1970 iliwaruhusu wenye viwanda wa India kutengeneza dawa zilizobuniwa kwingine, ilimradi watumie njia yao wenyewe ya kuzitengeneza. Sheria hiyo ilibadilishwa mwaka 2005, lakini viwanda vilikuwa vimekwisha kusimama.

Kisha serikali ikaingia. Sera ya afya ya India ya mwaka 2002 ilitamka kwamba wageni watibiwe kwa fedha za kigeni, na huduma hiyo ihesabiwe kama bidhaa inayouzwa nje ya nchi. Ikafuata visa maalumu ya matibabu. Leo wagonjwa wengi zaidi hutoka Bangladesh, na nyuma yao wapo wa Iraki, Oman, Maldivi, na sisi wa Afrika Mashariki ambao kila kata ina mtu aliyechangiwa akaenda. Wahindi wenyewe hawakulipokea jambo hili bila ugomvi. Delhi, hospitali binafsi zilipewa ardhi ya serikali kwa bei ya chini kwa ahadi ya kutibu maskini bure, na ilibidi Mahakama Kuu ya jiji hilo iamuru mwaka 2007 kwamba asilimia 10 ya wanaolazwa na asilimia 25 ya wagonjwa wa nje wawe watu hao. Mimi nawaelewa waliokwenda mahakamani. Kitanda anacholala mgeni kimejengwa pia kwa jasho la mtu wa hapo.

Nimekupitisha huko ili uone mumeo anaingia mahali gani. Mbele ya hospitali ya namna hiyo yeye ni mgonjwa na pia ni mteja, na palipo na wateja wa mbali hawakosi mawakala. Wakala kwa kawaida hulipwa na hospitali sehemu ya bili ya kila mgonjwa anayemfikisha. Wapo mawakala waaminifu wanaopokea watu uwanja wa ndege usiku na kuwatafutia chumba na mkalimani, na msaada wao ni mkubwa. Lakini hata mwaminifu hali mkate wake kwa kukuambia usisafiri.

Sasa nifike kwenye sentensi iliyonifanya niijibu barua yako kabla ya nyingine zote: kwamba mtoa figo "atapatikana huko huko".

Mwanangu, hapatikani. Sheria ya India ya upandikizaji wa viungo ni ya mwaka 1994, na ilikazwa mwaka 2011. Inamtambua mtoaji aliye ndugu wa karibu: mume au mke, mzazi, mtoto, kaka au dada, na baada ya marekebisho yale, babu, bibi na mjukuu. Mgonjwa mgeni haruhusiwi kupewa figo ya Mhindi aliye hai ambaye si ndugu yake wa karibu. Figo za waliofariki hutolewa kwanza kwa wananchi wa India wanaozisubiri. Hata mgonjwa na mtoaji wakitoka Tanzania pamoja, ubalozi wa nchi yao lazima uthibitishe udugu wao kwa maandishi, kisha kamati ya idhini iwahoji huku mahojiano yakirekodiwa kwa video. Anayenunua au kuuza kiungo, au anayesimama kati kama dalali, anakabiliwa na kifungo cha miaka 5 hadi 10 na faini inayoanzia rupia milioni 2.

Kwa hiyo maneno ya wakala yana maana moja kati ya mbili. Ama anajua kwamba hakuna mtoaji, na mtafika Chennai fedha imeshalipwa ndipo muambiwe kuna tatizo. Ama anajua yupo mtu atakayevishwa jina la ukoo wenu kwa vyeti vya kughushi, na mumeo aketi mbele ya kamera aape kwamba huyo ni nduguye. Mgonjwa anayesafishwa damu mara tatu kwa wiki asiwekwe kwenye kiti hicho.

Na yupo mtu mwingine ambaye katika kikao chenu hakutajwa. Mwaka 2001 watafiti waliwahoji watu 305 wa Chennai, mji huo huo mnaotaka kwenda, waliokuwa wameuza figo zao. Matokeo yalichapishwa mwaka uliofuata katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani. Asilimia 96 waliuza ili walipe madeni. Kwa wastani walipata dola 1,070. Walipohojiwa, robo tatu yao bado walikuwa na madeni, kipato cha familia zao kilikuwa kimeshuka kwa theluthi moja, na asilimia 86 walisema afya yao imezorota tangu wapasuliwe. Walipoulizwa kama wangemshauri mwenzao auze, asilimia 79 walisema hapana. Wewe unaogopa watoto wako wasikose pa kulala. Katika mitaa ile wapo akina mama wenye hofu hiyo hiyo, na mmoja wao ndiye ambaye wakala anasema "atapatikana". Wakwe zako ni watu wema, ninaamini, na sidhani kama wamewahi kuonyeshwa jambo hili kwa sura hiyo. Waonyeshe.

Mdogo wake mumeo, yule aliyeambiwa asihangaike, ndiye mtu wa thamani kuliko wote katika habari hii, na mmemweka pembeni! Arudishwe mezani leo. Apimwe kundi la damu, ulinganifu wa chembe zake na za kaka yake, sukari, shinikizo la damu, na figo zote mbili zenyewe. Aelezwe na daktari, akiwa peke yake bila mama wala kaka, kwamba ana haki ya kukataa hata asubuhi ya upasuaji. Akikubali, naye awekwe kwenye mipango ya fedha, kwa sababu atakaa wiki kadhaa bila kufanya kazi nzito na atahitaji kupimwa figo iliyobaki mwaka baada ya mwaka.

Mkishakuwa na mtoaji wa kweli, swali la wapi linabadilika kabisa. Muhimbili walipandikiza figo kwa mara ya kwanza Novemba 2017, na walioshirikiana nao siku hizo walikuwa madaktari waliotoka India. Mwaka uliofuata Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza pia kwa msaada wa Wajapani. Huduma hizi hutumia figo ya ndugu aliye hai, yaani hasa kile mlicho nacho nyumbani. Siku hizi mambo yameanza hata kugeuka: Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015, hupokea wagonjwa kutoka nchi jirani na Comoro, na serikali yetu nayo inazungumzia tiba utalii kama chanzo cha mapato. Nafurahi, na papo hapo naomba tusije tukawafanyia watu wa Comoro yale ambayo wakala huyu anawafanyia ninyi.

Sisemi kwamba India imefungwa kwenu. Kuna wagonjwa ambao kwao safari ndiyo tiba: ambao kingamwili zao zinaikataa figo ya kila ndugu na wanahitaji matayarisho yasiyopatikana hapa, ambao kundi la damu halilingani, au ambao moyo na ini vimeguswa pia. Kama daktari bingwa wa figo atakuambia mumeo ni mmoja wao, nenda, nami nitakuwa wa kwanza kukuombea safari njema. Lakini maneno hayo yatoke kwa daktari aliyempima. Muulize pia kuhusu rufaa ya nje, kwa kuwa utaratibu wake hupitia hospitali ya taifa na Wizara ya Afya, na mgonjwa anayepita njia hiyo hatembei na wakala. Bima yenu nayo iulizwe inalipia nini na inaishia wapi, kwa maandishi.

Jambo ambalo sioni mtu yeyote katika barua yako akilitaja ni maisha baada ya upasuaji. Hospitali, iwe ya Chennai au ya Dar es Salaam, itamaliza kazi yake kubwa kwa saa chache. Mumeo, Mungu akipenda, ataishi na figo hiyo miaka mingi, na ataishi nayo Tanga. Mwili hauachi kukikataa kiungo cha mtu mwingine mpaka usiku wa mwisho wa uhai wake, hivyo kila siku atameza dawa za kuuzuia usiikatae: takrolimusi, nyingine mbili pengine, kwa saa zile zile. Akizikosa siku chache kwa kuwa fedha imekwisha, figo inaweza kufa, arudi kwenye mashine, na nyumba iwe imeshauzwa. Miezi ya mwanzo atapimwa damu mara kwa mara ili daktari aongeze au apunguze dozi. Kinga yake itakuwa imeshushwa kwa makusudi, kwa hiyo kikohozi cha mtoto au kifua kikuu cha jirani kitakuwa jambo la kuliangalia kwa macho mawili. Na vumbi la karakana ya useremala nalo liulizwe.

Ndiyo maana nataka hesabu yenu ianzie nyumbani. Kabla ya kuuliza upasuaji ni shilingi ngapi, nenda hospitali ya rufaa ukaulize dawa za mwezi mmoja ni shilingi ngapi, zinapatikana Tanga au mpaka Dar es Salaam, na bima inabeba kiasi gani. Zidisha kwa mwaka. Ongeza nauli za kliniki. Kiasi hicho ndicho kinachopaswa kubaki salama, na kama njia ya kulipia upasuaji inakimeza, basi njia hiyo haifai hata kama upasuaji wenyewe ni wa bei nzuri. Milioni 40 za wakala, kwa namna ulivyozieleza, zinaishia pale mgonjwa anapotoka wodini. Hazisemi nani analipa kusafishwa damu wakati wa kusubiri kamati, chumba cha kupanga kwa watu wawili au watatu, chakula, siku za ziada za chumba cha wagonjwa mahututi mambo yakiharibika, na tiketi zikibadilishwa. Ukijumlisha vipimo, kamati na uangalizi wa baadaye, familia nyingi hukaa huko miezi miwili au mitatu.

Mkienda, andikeni barua pepe wenyewe kwenye idara ya wagonjwa wa kimataifa ya hospitali, mkiambatanisha vipimo, mpate makadirio yenye jina la daktari na yanayotaja kipi hakimo. Visa iwe ya matibabu, nayo huruhusu wasindikizaji wawili. Asikubali mtu kusafiri kwa visa ya utalii kwa sababu wakala amesema inatoka haraka. Siku ya kusafishwa damu baada ya kutua iwe imepangwa kabla hamjaondoka Dar es Salaam. Na mkirudi, rudini na muhtasari kamili wa matibabu, ikiwa ni pamoja na majibu ya maambukizi yoyote aliyopata wodini, kwa sababu wadudu sugu kwa dawa hupatikana katika hospitali nyingi duniani na daktari wa hapa anahitaji kujua mumeo alilala wapi.

Kuhusu nyumba. Nyumba mnayoishi kama mume na mke inalindwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59: mmoja wenu haruhusiwi kuiuza au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake. Mama mkwe na mawifi, pamoja na mapenzi yao yote, hawana saini hapo. Sikuambii haya ili ukaipige hati mezani mbele ya wakwe. Nakuambia ili ujue kwamba hakuna anayeweza kukuharakisha, ili sauti yako isitetemeke utakapozungumza. Na huenda siku moja wewe mwenyewe utaitia saini, kwa hiari, baada ya kuona hesabu ya kweli. Hilo nalo litakuwa sawa.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja nikimtafuta mtu mmoja. Nimemsikia shemeji, nimemsikia wifi, wakala, mama mkwe. Mumeo hasemi neno. Ana miaka 47, ana akili zake timamu, nyumba ni ya mikono yake na figo zinazougua ni zake. Anataka nini? Je, anajua mdogo wake alijitolea? Anajua kwamba figo ya kununuliwa ina mwenyewe? Pengine anaogopa safari, pengine anaitamani kuliko wote na hajapata wa kumwambia. Kaa naye siku ambayo hajatoka kwenye mashine, maana siku ya mashine mtu huwa amechoka, umuulize mkiwa wawili, na usimalize sentensi zake. Kisha mwende pamoja kwa daktari wa figo, mkamchukue na mdogo wake. Mwombeni daktari awape nafasi ya kuzungumza na familia nzima siku nyingine, shemeji mkubwa na mama mkwe wakiwapo. Likitoka kinywani mwa daktari, halitakuwa tena neno la mke dhidi ya ukoo.

Wifi yako usimjibu sasa. Mpe kazi. Mwombe awe ndiye anayeandika gharama za dawa duka kwa duka, kwa kuwa anampenda kaka yake na hofu yake inatafuta pa kwenda.

Mashine ya kusafisha damu inawapa muda wa kufanya haya yote, mradi asikose hata zamu moja. Msikawie miezi, kwa sababu figo mpya mapema ni bora kuliko kuchelewa, lakini mwisho wa mwezi ni tarehe ya wakala. Akipiga simu, shemeji yako amwambie atume kwa maandishi jina la hospitali, jina la daktari, na jina la mtoa figo pamoja na udugu wake na mgonjwa. Mpaka hapo msimlipe hata shilingi moja.

Shangazi